Kibao cha "Mbwa Mkali" hakimkingi mwenye mbwa

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata Kimanga, Dar es Salaam. Wiki tatu zilizopita nilimtuma mwanangu wa miaka tisa dukani kwa Mangi, jioni, akanunue sukari. Geti la jirani lilikuwa wazi, mbwa akatoka, akamwangusha na kumng'ata kwenye kigimbi. Zahanati walimsafisha wakamchoma sindano moja, wakasema nirudi kwa nyingine. Sikurudi, hela iliniishia. Jirani alinipa elfu thelathini akanisainisha karatasi kwamba "tumeyamaliza". Sasa mtoto ana kovu na hataki kwenda shule kwa miguu. Nikimfuata jirani ananiambia geti lina kibao cha Mbwa Mkali, mtoto ndiye aliyemchokoza, na isitoshe mbwa ni wa kaka yake. Mbwa mwenyewe alihamishiwa shamba Mkuranga siku mbili baada ya tukio. Vijana wa mtaa wanaapa akirudi watamtegea sumu. Je, nina haki yoyote? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana. Mfikishie na kijana pole zangu.

Haki unayo, na jirani yako amekupa hoja tatu ambazo zote zina majibu. Lakini sheria naiweka pembeni kidogo, kwa sababu katika maelezo yako kuna jambo lililonishtua kuliko kovu: mbwa hayupo, na chanjo haikumalizika. Mimi si daktari, ila kesi za namna hii zinanikutanisha na madaktari mara kwa mara, na hili wote wanalisema kwa sauti moja. Kesho asubuhi mpeleke mtoto hospitali. Kwa ulipo, Amana ni karibu.

Sababu ni hii. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara kinaua. Tena hakina haraka. Mara nyingi dalili huja baada ya miezi miwili au mitatu, na zinaweza kuja baada ya wiki moja tu au zikachelewa hadi mwaka. Kwa hiyo mtoto kuwa anakula na kucheza baada ya wiki tatu hakukwambii lolote. Mbwa angebaki hapo hapo, angefungwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, daktari anaweza kuamua kusimamisha chanjo, maana mbwa mwenye virusi hivyo kwenye mate huugua na kufa ndani ya muda huo. Huyu aliyemng'ata mwanao aliondolewa baada ya siku mbili. Labda yuko Mkuranga anabweka vizuri tu, labda alishakufa, na wewe huna namna ya kujua kwa maneno ya jirani peke yake.

Ukifika hospitali, nenda na kadi au cheti walichokupa zahanati, na uliza swali moja: ile sindano ilikuwa ya nini? Wazazi wengi huchomewa mtoto sindano ya pepopunda wakaondoka wakiamini ni ya kichaa cha mbwa. Ni vitu viwili tofauti. Kama ilikuwa ya pepopunda, basi mwanao hajaanza kabisa, na ataanza sasa. Kuchelewa si sababu ya kuacha. Katika hali hiyo daktari ataangalia pia kama anahitaji ile dawa ya kinga inayochomwa ndani na kuzunguka kidonda chenyewe, ambayo hutolewa pamoja na chanjo ya kwanza au ndani ya siku 7 tangu hiyo ya kwanza. Kama ilikuwa ya kichaa cha mbwa kweli, kwa kawaida huendelea pale alipoishia. Ratiba zinazotumika siku hizi huhesabu siku ya sindano ya kwanza kuwa 0, kisha ya 3 na ya 7, na kwa uchomaji wa kwenye msuli huongezwa dozi nyingine kati ya siku ya 14 na 28.

Wengine mnaosoma, mbwa akikung'ata leo: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, ndipo uende hospitali. Usipake majivu wala mafuta, na usimlazimishe mhudumu akushone, kidonda cha meno hakikimbiliwi kushonwa.

Kila karatasi utakayopewa huko, mama, itunze. Sasa tuje kwenye sheria.

Fidia ya kung'atwa na mbwa kwetu Tanzania haitoki kwenye sheria ya Bunge yenye jina la mbwa. Inatoka kwenye kanuni za kimahakama tulizorithi. Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inaelekeza mahakama zetu zitumie kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza (common law, ile iliyojengwa na hukumu za majaji) kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri zinavyofaa mazingira ya hapa. Waingereza wenyewe walitunga sheria mpya ya wanyama mwaka 1971, lakini hiyo haikutufikia, kwa kuwa tarehe yetu imesimama pale pale 1920.

Katika kanuni hizo, msingi wa mambo ya wanyama uliwekwa kwa uwazi London mwaka 1846, na aliyeuma hakuwa mbwa. Alikuwa kima. Mama mmoja aliumwa na kima wa mtu, akashtaki. Mahakama ikasema: anayefuga mnyama huku akijua kwamba ana tabia ya kudhuru watu, anamfuga kwa hatari yake mwenyewe. Akidhuru, mfugaji analipa, na aliyeumwa halazimiki kuthibitisha kwamba kulikuwa na uzembe. Kwa wanyama wa porini, simba au fisi, sheria inachukulia kwamba mfugaji anajua. Kwa mbwa, ambaye ni mnyama wa nyumbani, lazima uonyeshe kwamba mfugaji alijua kuwa huyu mbwa wake hasa ni mkali kwa watu.

Na hapo ndipo kibao kinapoingia.

Vibao hivi viko Dar nzima, kuanzia Masaki mpaka Mbagala: bati jeupe, kichwa cha mbwa kimechorwa kwa rangi nyeusi na mtu wa mabango, ulimi mwekundu umetoka, chini yake herufi kubwa. Wenye mageti huamini wakishakitundika wamenawa mikono. Mimi nikikiona kwenye geti la mtu ninayemdai, nakipiga picha haraka kabla hakijang'olewa. Maana swali gumu kuliko yote katika kesi hizi ni "ulijua?", na mtu ameshaliandika jibu lake mwenyewe kwa herufi kubwa ukutani.

Sisemi kibao hakina kazi yoyote. Mtu mzima aliyekisoma, akafungua geti kwa mkono wake bila kubisha, akaingia uani ambako hana shughuli, mahakama itamuuliza naye alikuwa anatafuta nini. Mwizi aliyeruka ukuta saa nane za usiku atapata huruma ndogo zaidi. Lakini kibao kinamwonya anayeingia. Mwanao hakuingia popote. Alikuwa barabarani, anapita kwenda kwa Mangi, na mbwa ndiye aliyetoka. Hakuna kibao duniani kinachompa jirani yako haki ya kuifanya njia ya mtaa kuwa uani kwake. Hata wale wanaoingia kihalali, msoma mita wa DAWASA, kijana wa gesi, mgeni aliyekaribishwa, wana haki ya kukuta mbwa amefungwa.

Jirani anaweza kujitetea kwamba kibao ni cha kutishia wezi tu, mbwa mwenyewe alikuwa mpole. Utetezi huo mawakili wanaupenda, na wakati mwingine unapita. Ndiyo maana usitegemee kibao peke yake. Tafuta wengine waliokuwa wanajua. Je, mbwa huyo alishamkimbiza mtu? Si lazima awe aliwahi kung'ata. Watu husema mbwa hana kesi mpaka ang'ate mara ya pili, na si kweli. Tabia ya kuwarukia watu inatosha, mradi mwenyewe aliifahamu. Yule bodaboda anayeshusha abiria hatua ishirini kabla ya geti hilo ana sababu yake, mwulize. Je, jirani huwa anapiga kelele "subiri kwanza nimfungie" mgeni akibisha? Kama mna grupu la WhatsApp la mtaa, rudi nyuma uangalie kama kuna siku mtu aliandika kwamba mbwa wa nyumba ile kafunguka tena. Ujumbe wa namna hiyo unapokelewa mahakamani siku hizi, ila usiishie kupiga picha ya skrini. Simu yenyewe yenye ujumbe ibaki salama. Na kama pale kuna kijana wa kazi anayemlisha mbwa, alichokuwa anakijua yeye huhesabiwa kuwa bosi wake alikijua.

Tuseme yote hayo yamekosekana, mbwa alikuwa malaika mpaka jioni ile. Bado una njia ya pili, ya uzembe. Hapa huulizwi mbwa alikuwa na tabia gani, unaulizwa jirani alifanya nini. Alikuwa na mbwa mkubwa, anakaa kwenye njia wanayopita watoto kila jioni, na aliacha geti wazi bila kumfunga. Mtu mwenye busara ya kawaida angeona kinachoweza kutokea. Mimi huiandika misingi yote miwili kwenye hati moja ya madai, ukidondoka mmoja usimame mwingine.

Geti lenyewe lichunguze, kwa nje. Kitasa kinafunga? Kuna komeo au wanafunga kwa waya? Nimeona kesi ikigeukia kwenye komeo lililooza ambalo kila mpita njia alikuwa analiona. Piga picha leo, kesho litakuwa limechomelewa jipya.

Hoja ya pili, kwamba mtoto alimchokoza. Uchokozi ni utetezi halali, na ukithibitika unaweza kupunguza fidia au hata kuiua kabisa. Lakini anayesema mbwa alichokozwa ndiye anayethibitisha, na mtoto wa miaka tisa hapimwi kwa akili ya mtu wa miaka arobaini. Mtoto kukimbia baada ya kuona mbwa anakuja si uchokozi. Kumrushia jiwe akiwa amefungwa ndani, hapo tutaongea vingine. Mkalishe mwanao kwa upole, mwambie asimulie mwenyewe bila kumlisha maneno, na uandike tarehe, saa na majina ya waliokuwepo. Mangi aliona nini? Kumbukumbu za watu huchuja haraka.

Hoja ya tatu, mbwa ni wa kaka. Haina uzito anaoufikiria. Anayewajibika ni anayemfuga na kumdhibiti: anayempa chakula, anayemfungulia usiku na kumfungia asubuhi, anayelindiwa nyumba. Kama mbwa ameishi kwake, yeye ndiye mfugaji, na kaka anaweza kuunganishwa kwenye kesi ikibidi. Ni hadithi tofauti kwa mwenye nyumba aliyempangisha mtu mwenye mbwa, huyo hawajibiki kwa sababu tu nyumba ni yake. Ama mbwa koko asiye na mwenyewe, kuidai halmashauri ni safari ndefu, kuna notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, na sishauri mtu aianze kwa jeraha dogo.

Na hilo la kumhamishia mbwa Mkuranga? Jirani atasema alikuwa anaondoa hatari. Inawezekana. Lakini kumwondoa mbwa siku mbili tu baada ya tukio, bila cheti cha chanjo na bila kumwonyesha daktari wa mifugo, kuna sura nyingine pia, na mahakama ina uhuru wa kuamini kwamba mtu anayeficha kitu anaficha kwa sababu kingemwumiza. Mdai cheti hicho kwa maandishi. Akikosa kukitoa, ukosefu huo nao ni jibu.

Sasa ile karatasi ya elfu thelathini, ambayo nadhani ndiyo inayokunyima usingizi. Ulisaini kama mama, lakini madai ya maumivu na kovu ni ya mtoto, na mtoto chini ya miaka 18 hafungwi kirahisi na mapatano ambayo mtu mwingine amemfanyia, hasa yakiwa hayana faida kwake. Hata kesi ikiwa imeshafunguliwa, anayemsimamia mtoto haruhusiwi kupatana bila idhini ya mahakama. Kwa upande wa gharama zako mwenyewe, itategemea maneno yaliyoandikwa. "Nimepokea 30,000 za matibabu" ni risiti tu. "Sitadai tena chochote" ni zito zaidi, ingawa bado linapingika kama ulisainishwa haraka, siku ya pili, bila kujua ukubwa wa madhara. Kiasi hicho kitapunguzwa kwenye fidia, basi. Usimrudishie, wala usisaini karatasi nyingine.

Uanzie wapi? Kituo cha polisi, kama hukwenda. Andikisha tukio, chukua namba ya RB (ya kitabu cha taarifa cha polisi), na omba PF3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari. Wiki tatu zimepita, utaulizwa ulikuwa wapi. Jibu ukweli kwamba ulikuwa unasuluhishwa nyumbani. PF3 daktari ataijaza kwa kutumia kumbukumbu za zahanati pamoja na anachokiona sasa, kisha utoe nakala kabla hujairudisha. Kuna na upande wa jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha vitendo vya uzembe ambacho kwa miaka mingi tumekijua kama cha 233, inamgusa mtu anayeacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari itokanayo na mnyama aliye mikononi mwake. Mahakama ikimtia hatiani inaweza kuamuru fidia pia. Sikusukumi huko kwanza, kwa sababu mtaa ni ule ule na mtakutana kila siku, lakini jirani akijua kwamba mlango huo upo huwa anaongea kwa adabu zaidi.

Baada ya polisi, andika barua ya madai. Si ndefu. Eleza tarehe, kilichotokea, gharama ulizotumia kwa mchanganuo, unachodai, na umpe siku 14. Nakala moja peleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na nakala yako iwe na saini ya aliyeipokea. Wengi wa majirani hulipa hapa, mbele ya mwenyekiti, kwa awamu. Mkikubaliana, andikeni vizuri na muweke kipengele kwamba gharama za matibabu zitakazojitokeza baadaye ataendelea kuzibeba.

Akikataa, ni mahakama. Watu hukimbilia Mahakama ya Mwanzo kwa kuwa iko karibu, lakini madai ya uzembe chini ya kanuni hizi nilizoeleza si ya huko, na utapoteza muda mpaka uambiwe haina mamlaka. Yafungue Mahakama ya Wilaya ya Ilala, na kesi iwe kwa jina la mtoto, akisimamiwa na wewe. Muda wa madai ya madhara ni miaka 3. Kwa gharama zako wewe unahesabiwa tangu siku ya tukio. Kwa mtoto, saa inaanza kugonga akifikisha miaka 18, ingawa sikushauri usubiri hata mwezi. Mangi atahamia Goba na bodaboda atabadilisha kijiwe.

Kuhusu kiasi, zitenganishe pesa za aina mbili. Kuna ulizotumia: vipimo, chanjo, dawa, nauli za bajaji, siku ulizofunga biashara. Hizi mahakama zetu zinataka zitajwe moja moja na zithibitishwe kabisa, bila huruma. Zisizo na risiti au ujumbe wa malipo kwenye simu, zisahau. Kisha kuna maumivu, kovu na hofu ya kwenda shule. Haya hayana risiti, hakimu hukadiria mwenyewe, lakini hakadirii hewani. Piga picha kovu kwenye mwanga wa mchana ukiweka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa uonekane, urudie kila mwezi. Mwalimu wa darasa akiandika barua fupi kuhusu utoro na woga wa mtoto, itakusaidia kuliko maneno yako kumi. Usitaje mamilioni ya ajabu, hayamtishi jirani wala hayamfurahishi hakimu.

Kama huna uwezo wa wakili, sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 ipo kwa ajili ya watu kama wewe. Jaribu Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, uende na bahasha yako yenye kila kitu.

Limebaki la vijana na sumu yao. Wazuie, tafadhali. Mbwa ni mali ya mtu, na kumuua kwa makusudi ni kosa la jinai. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza kumtesa mnyama. Sumu hiyo hiyo italiwa na kuku wako au kuokotwa na mtoto wa mtu. Zaidi ya hapo, mbwa akifa kienyeji na kufukiwa, utakuwa umepoteza kielelezo na nafasi ya kumpima. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kuripotiwa, kwa hiyo mtafute afisa mifugo wa kata, mpe jina la jirani na sehemu ya Mkuranga alikopelekwa mbwa, umwombe awasiliane na mwenzake wa kule amtembelee. Hilo lifanye kesho hiyo hiyo, ukitoka hospitali.